Doa la Maji

Duka la Ruwi, Agosti, kiyoyozi kinapiga chafya.
Shameer amenipangia vitatu juu ya kioo
kama mwenye kuuza pete.
Hichi kina mwanga wake. Hichi hakiogopi maji.
Hichi kinabeba vitabu elfu sita.
Mama yangu, nikamwambia, ana vitabu kumi na kimoja,
na kimojawapo amekiazima, harejeshi.

Sikuuliza nafasi. Niliuliza uzito,
kwa kuwa kiganja cha Bi Thuwaiba hutetemeka
tangu kiharusi kile kidogo tusichokitaja.
Niliuliza kama kinang'aa machoni,
maana simu ameikataa: inanichoma, anasema,
kama kutazama tanuri ukitafuta sindano.
Niliuliza kama herufi zinakua.
Shameer akazikuza, akazikuza,
mpaka neno moja likajaa ukurasa,
likasimama peke yake kama mgeni asiyejua akae wapi.

Na Kiswahili?
Akatafuta, akatafuta. Kimoja:
maneno ya kuombea maji hotelini, kwa watalii.

Riali arubaini na nne na baisa mia tano.
Nikamwomba apunguze. Akapunguza baisa.

Usiku, Al-Khoudh, watoto wamelala,
nilichapa barua za baba kutoka Kuwait,
karani wa ghala, miaka tisa ya kalamu ya buluu,
zilizookolewa ndani ya bati la biskuti
mwaka ule wadi ilipopanda ngazi ikaingia sebuleni.
Usiku kumi na mmoja. Chai ikipoa, nikiipasha, ikipoa.
Baadhi ya maneno yalikuwa na doa la maji.
Niliposhindwa kuona, nilikisia.

Ijumaa, baada ya sala, wali haujapakuliwa,
nikampa. Akakinusa kwanza.
"Hakina harufu," akasema,
kama mtu aliyeletewa kahawa isiyo na iliki.
Akapapasa. Ukurasa haukugeuka.
Vidole vyake vimekaushwa na hina na miaka ya sabuni;
kioo hakikumtambua.
Katika yote niliyouliza, hilo sikuliuliza.

Akalamba kidole, kama afanyavyo na karatasi,
na kurasa zikatii,
ila zilirudi nyuma,
kwani mkono wake ulikwenda
kama unavyokwenda msahafuni.
Nikamwonyesha. Akanitazama:
"Basi kitu chenyewe ndicho kilichogeuzwa, si mimi."

Kisha akasoma.
Midomo mbele, macho nyuma yake, polepole,
na dada yangu Azza akaacha sahani.
Tulidhani anasoma siku zote.
Miaka miwili kitabu kilikuwa mapajani,
kurasa zikifunuliwa kwa wakati wake,
na kumbe alikuwa akizisoma kichwani,
zote, kwa kuhifadhi, ili tusimwulize kuhusu macho.

Akasimama katikati ya mstari.

"Nani kaandika hapa *nakukumbuka*?"

Baba, nikasema.

"Baba yako hakuandika hivyo.
Kaandika *nakukumbusha*. Nakukumbusha deni la mwenye maziwa.
Haya, soma mbele: riali tatu.
Mtu anakukumbuka wewe na riali tatu?"

Azza akakimbilia jikoni na kicheko chake.
Mimi nikanyoosha mkono, uso unawaka,
nirekebishe, herufi mbili tu, mara moja.
Mama akakivuta kifuani.

"Liache," akasema.
Nje jirani alikuwa anaosha gari, maji yanapita mlangoni.
"Miaka tisa nikifungua bahasha nikilitafuta neno hilo.
Leo amekosea. Mwache akosee."

Tukala. Wali ulikuwa umeshapoa.
Alasiri alikishonea mfuko kwa kipande cha pazia la zamani,
akapima mara mbili, akafumua, akashona tena.
Kisha akauliza bei.
Nikasema riali ishirini.
"Umepunjwa," akasema,
na akalamba kidole.