Omu Hamsini

Ghalani Chang'ombe, nyuma ya magunia ya magadi,
tulizikuta mbili, kimo cha kabati la nguo,
vumbi limezivika kanzu, mende wamezaa ndani ya feni.
Mwenye ghala alitaka kuziuza kwa kilo, chuma chakavu.
Nikamwambia: nipe mwezi mmoja.
Akacheka. Mwezi ukapita, akaacha kucheka,
akaanza kudai kodi.

Nilianza na kutu. Mswaki mkuukuu, spiriti,
kucha zangu zikawa za fundi gereji.
Kapasita zilizovimba nilizing'oa kama meno ya mtoto,
mbadala wake nikaupata Gerezani kwa Mbwambo wa redio,
aliyeniuliza mara tatu: "Hii ni ya amplifaya?"
Nikasema ndiyo. Maelezo marefu hupandisha bei.

Kadi za mtandao zilikuwa nzima, pana kama sinia.
Kebo ndiyo ile ya zamani, ya manjano, nene kama kidole gumba;
huikunji, unaibembeleza kona kwa kona,
kisha unaitoboa ubavuni
mpaka msumari uguse moyo wake wa shaba.

Wiki ya tano zikawaka zote mbili.
Kila moja peke yake ilikuwa na akili timamu:
ilihesabu, ilipanga, ilijua jina lake.
Ila kuongea, hapana.
Nilituma neno toka huku, likaenda, likarudi lenyewe
limepondeka, limejikanyaga,
kama mtu aliyeita ndani ya tangi tupu
akajibiwa na koo lake.

Nikabadili waya. Nikabadili kadi. Nikatukana.
TANESCO nao wakatia mkono wao.

"Yupo mama mmoja Temeke," mwenye ghala akasema,
"yeye ndiye alikuwa akizilaza na kuziamsha hizi."

Bi Sikudhani alikuja na bajaji, magoti yanamuuma.
Hakutazama mashine. Aliifuata kebo kwa kiganja
hadi ncha yake ya mwisho, kule ukutani,
akaishika ile ncha iliyo wazi, akanyamaza.
Kisha akafungua pochi, akatoa funguo za nyumba yake.
Kilichozishikilia kilikuwa kifuniko cha shaba,
kimelainika kwa miaka ya jasho.
"Ndani mna omu hamsini," akasema.
"Neno lisipokuta wa kulipokea mwishoni, hugeuka.
Nilikichomoa siku ile tuliyopewa barua.
Walitupa dakika kumi tukusanye vitu."

Akakikaza kwa vidole viwili.
Nikatuma.
Upande wa pili, nukta ya kijani.
Halafu nyingine.
Halafu mstari mzima, umenyooka, haujakanyagana.

Nikampisha kiti. Akaandika namba yake ya kazi
bila kutazama vidole,
na nywila, ambayo mimi sikuitazama.
Mashine ikafikiri, ikaandika:

KARIBU. MARA YA MWISHO ULIINGIA
IJUMAA, 12 NOVEMBA 1993.

Hakuna aliyekumbuka kuipelekea
nakala ya ile barua.

Mwenye ghala akauliza, je, sasa zitafika bei gani.
Bi Sikudhani hakumsikia. Alikuwa ameshaandika amri nyingine,
ile ya kuuliza nani bado yumo,
na anasubiri.

Funguo zake nilimfungia kwa kipande cha waya mwekundu.