Mzigo wa Majani

Weru hakuwahi kuchungwa.
Tangu tumlete ndama kutoka mnadani Weruweru,
dunia yake ilikuwa banda, hori, ndoo ya maji,
na migomba ikimchungulia.
Alichokula nilikileta mimi, kutoka shamba la chini,
nusu ya njia kwa pikapu,
nusu kwa shingo yangu, hadi huku Uru.

Juma lile alikataa hata maganda ya ndizi.
Eliaichi wa mifugo akamgonga ubavu wa kushoto,
akasikiliza, akauliza:
"Mama Ndeshi, huyu mnamlisha dampo?"
Nikamjibu vibaya.

Kirita alipopasua tumbo
ilitoka kamba, nene kama mkono wa mtoto,
tumbo limeisokota lenyewe:
rambo, rambo, sandarusi,
vifuko vya barafu za shilingi mia,
uzi wa kiroba cha mbolea.
Akaisuuza, akaitandaza juu ya jani la mgomba
kama anayeuza vitenge.

Nikauona mfuko wangu.
Bluu, mistari miwili,
na fundo. Fundo langu nalijua,
hukunja mara tatu kabla ya kukaza.
Ilikuwa kipaimara cha Ndeshi,
rambo hazijapigwa marufuku bado.
Usiku, wageni wameondoka, niliurusha mfongoni
na maji yakaupokea bila neno.
Asubuhi mfongo ulikuwa safi.
Nilijisikia kama mtu aliyelipiwa deni.

Mfongo uliupeleka Rau.
Rau ikashuka mjini, ikazoa na ya wengine,
masika ikafurika, ikatema tope shambani kwangu.
Tope likazaa mahindi.
Mabua niliyafyeka na vyote vilivyojisokota humo,
nikafunga, nikajitwisha, nikapanda mlima
nikisifu uzito wa mzigo.
Na yeye alinilamba kiganja kwanza,
ndipo akala.

Kirita anauliza taka hizi azitupe wapi.
Kuchoma? Jirani ana mtoto wa pumu.
Kufukia? Kihamba chote hiki wamelala wakwe zangu.
Nyuma ya nyumba mfongo unapita, unanong'ona
kama usiku ule: lete.

Nimesimama na beseni.
Mkono mwingine una jani la sale, nimelivunja mpakani
bila kufikiri.
Kwetu ukimpelekea mtu sale
hawezi kukunyima msamaha.
Lakini lazima awepo
wa kulipokea.