Mtulinga wa Kushoto

Kuopio, Desemba. Jua limeamka saa nne,
saa nane limeshachoka.
Kwangu ni mamoja: chumba changu hakina dirisha,
na giza ndicho chombo changu cha kwanza.

Wagonjwa siwaoni. Nawasoma.
Mtoto aliyemeza kifungo cha koti la bibi yake.
Mkata miti mwenye skrubu sita kifundoni.
Wanapita bila nyuso, bila viatu,
wala hawatajua kuwa kuna mwanamke
aliyekaa na chai iliyopoa
akizihesabu mbavu zao, moja moja,
kama mama ahesabuye watoto kabla ya kufunga mlango.

Ukutani nimetundika vyama vyangu:
cha wasoma picha wa nchi nzima,
cha kifua,
cha watoto (nilijiunga kwa sababu mkutano wao
huwa mahali penye joto),
na cheti cha bodi iliyonitahini siku mbili
na kunirudisha nyumbani mara moja.
Kila Januari ada. Kila ada risiti.
Na chini ya kila risiti, kwa wino wa bluu,
mwandiko ulioinama kama matawi yenye theluji:
"Umechelewa tena, Sirkka. V. Launonen, Mweka Hazina."

Veikko Launonen ndiye aliyenifunza.
Alilichukia neno "labda".
Labda, alisema, ni daktari aliyejificha nyuma ya pazia.
Sema ulichokiona. Sema usichokiona. Nyamaza.
Tuanzie pembeni: mabega, mbavu, kisha mapafu,
moyo mwisho,
maana jicho lina pupa, hukimbilia kubwa
na kukiacha kidogo kilichoketi kimya konani.

Leo, picha ya kumi na saba.
Mwanamume, miaka sabini na minne. Kikohozi, wiki sita.
Jina sikulisoma; kutosoma jina kwanza
nako ni funzo lake.
Nikaanzia pembeni.
Mtulinga wa kushoto: ulivunjika zamani, ukaunga kombo,
katikati nundu, kama fundo la kamba.

Mkono ukaganda juu ya kipanya.
Fundo lile nalijua kwa vidole.
Mwaka wa tatu alifungua ukosi wa shati darasani,
akatupanga foleni tumguse.
"Baiskeli, mteremko wa Puijo, nina miaka kumi na mmoja.
Ile ni picha, huu ni mfupa.
Atakayesahau kuwa ni kitu kimoja
akatafute kazi ya benki."

Pafu la kulia, juu, nyuma ya ubavu wa pili:
kinundu. Kina miiba pande zote,
kama jua lililochorwa na mtoto.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwa na eksirei.

Nikaandika: Labda kovu la zamani.
Nikalitazama neno likivuta pazia lake.
Nikalifuta, herufi tano, polepole.
Nikaandika:
Kinundu, milimita kumi na tisa, kingo zenye miiba.
Hakikuwepo miaka minne iliyopita.
Apimwe zaidi, wiki hii hii.
Nikatia sahihi. Nikanyamaza.
Picha ya kumi na nane ilikuwa nyonga.

Usiku, nyumbani, nikafungua hesabu yangu
nikalipa ada ya mwakani, wiki tatu kabla ya wakati.
Sikujua njia nyingine ya kumwambia.

Risiti ilifika Ijumaa.
Wino wa bluu, mwandiko ule ule,
haukuwa umeinama zaidi.
"Umewahi. Basi nimeelewa.
Nimeiomba ripoti, nimeisoma. Ni safi, haina pazia.
Ila moyo hukuutaja, Sirkka. Uliuruka."

Nikarudi gizani. Nikaifungua picha.
Nikaukuta mahali pake, kushoto kidogo, umejiegemeza,
nikaupima mara mbili, ingawa mara moja ingetosha.

Nyongeza: moyo, ukubwa wa kawaida.