Hodi ya Saa Tisa

Kwa mkono wake, Irmeli huingia tu:
seva ya pili huitika bila kinyongo.
Ila skripti yake, ikiamka saa tisa usiku
kubeba nakala za hospitali ya Oulu,
hupiga hodi, hupiga hodi.
Hakuna ruhusa.

Amebadili nywila. Amechonga funguo mpya, mara tatu.
Kahawa imepoa. Nje theluji yaanguka, haibishi kwa mtu.

Mwishowe aiuliza swali la kitoto:
kwani wewe nani?

Jina linalojibu si lake.
Ni mtumishi wa zamu, hajapewa ufunguo,
apapasa mifuko mitupu tangu Jumanne.

Irmeli acheka peke yake,
amchongea wake, aufunga usisomwe na jicho jingine,
kisha angoja saa tisa,
koti begani.