Daftari la Dizeli

Naryn, mwezi wa pili. Maktaba ya zamani
imetuazima chumba, viti kumi na vitatu
na jiko la makaa linalokohoa kutuzidi.
Nimetoka Bishkek kwa basi la usiku,
begi limejaa kalamu za rangi.

Nikabandika karatasi ukutani, nikachora:
pembejeo, mshale, shughuli, mshale,
mazao, matokeo, na kule mwisho kabisa
athari, karibu na dirisha,
pale karatasi ilipoishia na theluji ikaanza.

Wakanakili. Watu wa asasi hunakili vizuri.
Begimai alipiga mistari kwa rula.
Mkurugenzi, Mairamkan, akausoma mradi wao
kwa sauti ya mtu anayehesabu fedha za mwenzake:
mabomba thelathini na moja yaliahidiwa,
thelathini na moja yamewekwa.
Kisanduku kijani.
Lengo: wasichana wasichote mtoni, wawahi darasani.
Kiashiria: idadi ya mabomba.

Nikauliza, kama nilivyouliza katika miji tisa kabla yao,
"Tutajuaje?"
Ni swali langu la kazi, ndilo linalonilipia kodi ya nyumba.
Kimya. Jiko likakohoa.

Kisha Tologon, dereva,
aliyekaa nasi kwa kuwa ndani mna moto na garini hamna,
akasema bila kuinua kichwa:
"Yanayotoa maji ni tisa."

Akachomoa daftari la dizeli,
kurasa zimelowa mafuta, limefungwa kwa ukanda wa mpira.
Lita, kilomita, saa ya kuondoka: hayo ofisi iliyataka.
Pembeni, kwa penseli, ambayo hakuna aliyeyataka:

Tarehe nne. Bomba limevikwa koti la mtoto. Limepasuka hivyo hivyo.
Tarehe tisa. Nimepakia wasichana watatu, ndoo sita,
hadi kwenye tundu la barafu. Saa tatu asubuhi.
Tarehe kumi na moja. Wale wale. Mdogo ana glavu moja.

Majira matatu ya baridi, ukurasa baada ya ukurasa.

Nikaanza kusema kwamba sampuli hii haikupangwa,
kwamba ina upendeleo wa barabara,
kwamba dereva huona tu palipo na njia ya gari.
Yote kweli. Niliishia katikati,
kifuniko cha kalamu mdomoni.

"Mbona hukusema?" Mairamkan akamuuliza.
"Fomu haina mstari wa dereva."

Fomu niliitunga mimi.
Miaka minne iliyopita, mjini,
katika chumba chenye maji ya moto ukutani.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
mimi nilihesabu miguu ya kitanda,
nikaikuta minne,
nikapaka kijani.

Mchana kutwa tukabishana.
Ripoti inaondoka Ijumaa, alisema Mairamkan,
tukiandika tisa, mwakani nitawalipa hawa kwa nini,
kwa theluji?
Sikuwa na jibu. Mimi sina watu kumi na wawili
wanaonitazama kila mwisho wa mwezi.

Begimai ndiye aliyeinuka na rula yake.
Chini ya kiashiria cha zamani akapiga mstari,
akaandika polepole, kalamu ikikauka:
siku za Februari ambazo bomba limetoa maji
kabla ya kengele ya shule.
Akaacha kisanduku cheupe.
Mairamkan alikitazama muda mrefu.
Hakutia sahihi. Hakufuta.

Jioni ya siku ya pili nikagawa hojaji yangu:
je, mafunzo yamekidhi matarajio,
sana, kiasi, hapana?
Ya Tologon ilirudi ya mwisho, visanduku vyote vitupu.
Pembeni, kwa penseli:

Dizeli, sifuri.
Kusubiri, siku mbili.
Kuulizwa, mara moja.