Safu ya Nne

Daftari la mlangoni nililipiga mistari mwenyewe,
kwa rula ya mbao na kalamu nyekundu,
Jumamosi ya kwanza ya kongamano la vijana, Kayole.
Safu ya kwanza, jina. Ya pili, simu.
Ya tatu, mtaa.
Ya nne niliiandika kwa herufi kubwa,
kwa fahari ya katibu aliyechaguliwa juzi:
SHULE AU KAZI.

Nilidhani ni swali dogo.
Wa chuo walijaza haraka,
mmoja akaongeza hata mwaka atakaohitimu.
Kisha akaja yeye, sweta ya kijani kaivaa nje ndani,
ama ndio mtindo, sijui,
mtoto mgongoni amelala mdomo wazi.
Akaandika Nasambu.
Akaandika namba, akaikata, akaandika nyingine.
“Hii ni ya jirani.”
Akaandika Soweto.
Halafu kalamu ikasimama.

Nimewahi kuona watu wakisoma matokeo ukutani:
shingo huanguka kabla ya macho.
Nikamwambia, mimi mpumbavu wa shati la pasi,
“Andika tu chochote.”
Chochote.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu
na leo hana nguvu za kugombana.
“Narudi,” akasema, “nimpeleke huyu kwa nyanya yake.”
Hakurudi.

Ndani, mada ilikuwa Mlango Uko Wazi.
Bango tulililipia elfu mbili na mia nne.
Tuliimba, tukainua mikono,
Mchungaji Githongo akasema kila mtu ageukie jirani
amwambie karibu.
Jirani yangu alikuwa kiti.
Nikakiambia karibu.

Usiku nikalifungua daftari kwa mwanga wa simu.
Majina arobaini na moja.
Mstari wa kumi na tisa una kitone cha wino
katika safu ya nne,
kitone tu, pale alipoegemeza kalamu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, hunena watu;
mimi mwenyeji nililala na ugonjwa wangu.

Kamati ilipokaa nikaomba safu ile ifutwe.
Mutisya, mweka hazina, akauliza wafadhili watajuaje
kwamba tumewafikia walengwa.
Nilikosa jibu. Hadi leo sina.
Lakini Achola, asiyesikia tangu homa ya utotoni,
ambaye kwa miaka miwili tulimketisha mstari wa mbele
tukadhani tumemaliza,
aliisoma midomo yetu ikibishana,
akalivuta daftari,
akakata SHULE, akakata KAZI,
akaandika: UMEKULA?

Basi Jumamosi iliyofuata sufuria ya uji ilitangulia,
nje, kando ya lango, kabla ya meza na kabla ya sala,
ikanuka moshi na ndimu.
Viti tukavigeuza vitazamane
ili Achola aione kila midomo, si ya mhubiri tu.
Mutisya alinung’unika kuhusu sukari
huku akipakua.
Vijana wa kuosha magari waliingia na ndala zao za maji,
wakakaa karibu na mlango, tayari kutoka,
hawakutoka.
Safu ya nne ikajaa majibu nisiyoyatarajia:
ndiyo; nusu; jana; nyinyi je?

Namba ya jirani niliipiga mara tatu.
Mara ya nne ikapokelewa na sauti kavu.
Nikasema, mwambie Nasambu lile swali limeondoka.
“Swali gani?”
Nikaanza kueleza, salio likaisha.

Wiki ya tatu alifika binti mrefu, mikono ina weupe wa sabuni,
hakusalimia.
“Mimi ndiye wa namba,” akasema.
“Nimekuja kuona ni swali gani hilo
linalomfanya mtu apige simu mara nne.”
Nikampa daftari. Akasoma safu kwa kidole, taratibu,
akaandika Kwamboka,
akaandika ile namba ambayo sasa naijua kwa moyo,
na penye safu ya nne akaandika maneno yakatoka nje ya mistari:
Bado. Na Nasambu mwekeeni, atatoka dobi saa nane.

Saa ilikuwa sita na robo.
Nikajaza kikombe,
nikakifunika kwa kisahani,
nikakiweka juu ya kile kiti.