Kata

Kiti cha mkalimani hakina upande.
Nilikaa katikati: kulia watu wetu wa mlimani,
kushoto wageni wa bondeni, wenye pamba,
na mezani chai ya kijani, mkate wa duara,
zabibu kavu ambazo hadi adhuhuri
hakuna aliyezigusa.

Tulikuwa tukiuziana mto.
Si mto wenyewe, mto hauuziki;
tuliuziana saa ya kuufungua:
bwawa liachie kiasi gani, mwezi gani,
ili wao wanyweshe pamba Julai
nasi tupate gesi Januari,
Dushanbe inapoganda mpaka mabomba yakalia.

Safarmad, kiongozi wetu, alikuwa na tarakimu tatu.
Ya kwanza kubwa, ya kupigania.
Ya pili ya kuonyesha uungwana.
Ya tatu, kama sarafu iliyofundikwa kwenye pindo la leso,
ndiyo ambayo hatungeshuka chini yake.
Tuliijua watu wanne.

Akaitaja ya kwanza.
Nikavuta pumzi niitafsiri,
na kabla sijafumbua kinywa
mkuu wa wageni alikwisha tabasamu.

Akaisukuma kando sahani ya zabibu, akasema yake:
mia nne na kumi na mbili, nukta sita.
Nukta sita!
Nani hukisia mpaka nukta?
Ilinibidi nigeuke kulia
nimrudishie Safarmad siri yake
kwa sauti yangu mimi.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Kata yetu ilikuwa kwenye meza ya Davlatmand,
karani wa nyaraka, mtu wa heri,
anayelisha njiwa dirishani kwa makombo ya ofisi.
Agosti alipata barua pepe ya pensheni.
Akaifungua; nani asiyetaka pensheni?
Na nywila yake ilikuwa jina la mjukuu
na mwaka aliozaliwa.
Basi ngome ya taifa zima, pamoja na mto wake,
ilikuwa mtoto wa miaka mitatu
aitwaye Mehrona.

Wageni walikana. Wakaapa.
Huenda ni kweli; mwizi wa siku hizi
huiba kwako akamuuzia jirani
bila kukanyaga nyumba ya yeyote.
Balozi wao akaitwa, akanywa chai, akaondoka.
Tamasha la pamoja la Nauruzi likaahirishwa,
wapiga ngoma wakarudisha nauli.
Kisha ikaja barua fupi ya waliotukopesha fedha za bwawa,
ya adabu, yenye baridi:
*Na barua zetu sisi, mnazihifadhi wapi?*
Hiyo ndiyo iliyomkalisha Safarmad kitako.

Januari umeme ulikatwa saa kumi na moja jioni.
Davlatmand alinipigia simu gizani,
akauliza herufi kubwa huwekwa mwanzoni au popote.
Popote, mzee, nikamwambia.
Akanyamaza. Nikasikia njiwa, au kifua chake.

Machi tulikutana tena.
Simu zote kwenye sanduku la chuma nje ya mlango,
tarakimu zimeandikwa kwa kalamu ya risasi
kwenye karatasi itakayochomwa.
Safarmad akasema ya kwanza.
Mkuu wa wageni akatulia,
macho kwangu, akanisubiri nitafsiri
neno hadi neno, mpaka nukta.

Sijui hata leo
kama alikuwa hajui
au amejifunza kusubiri.